Sili Ambaye Hakukimbia

Haya, nitegulie hiki kabla sijaendelea: nina jirani, akiniona akakimbia, moyo wangu unatulia, akiniona akabaki kunitazama, anayetetemeka ni mimi. Ni nani huyo? Usijibu haraka. Shika kitendawili chako mkononi, twende nacho mpaka mezani kwa Innokenty.

Innokenty, ambaye kijiji kizima kilimwita Kenty, alikuwa mwindaji wa sili, na mwindaji mbovu kupindukia. Sili unawajua, wale wanyama wa baharini wenye ndevu za paka na macho makubwa kama ya mtoto aliyeamshwa. Wenzake walisema risasi za Kenty kazi yake ni kuamsha ndege.

Lakini asubuhi ile ya Pasaka, wiki ya tano tangu meli ya mafuta ipasuke mwambani, Kenty alirudi mapema, na ndani ya boti yake amelala sili mnene.  Akatia mikono mifukoni.

"Kristo amefufuka!" mkewe Anesia alimpokea mlangoni, tumbo mbele. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Amefufuka kweli kweli," Kenty akajibu, bila kumtazama.

"Na huyo? Umemnunua wapi?"

"Nimempiga mwenyewe, mke wangu."

"Usinichekeshe, nitajifungua hapa hapa mlangoni!"

Alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Hii ya pili, nesi alisema damu imepungua, ale ini. Ini gani sasa? Tangu ule uchafu mweusi uingie kwenye ghuba, walikuwa wanakula vyakula vya makopo vilivyoletwa kwa ndege, na Anesia alikuwa anavitapika vyote.

Mama yake Kenty, bibi Matrona, alitoka na kisu chake cha mviringo. Akamkagua sili kuanzia pua hadi mkia. Manyoya safi, hata doa jeusi hakuna. Akamnusa. Harufu ya bahari tu.

"Yule afisa aliyekuja kukagua mafuta alisema tunuse," Kenty akawahi kusema. "Chakula kisiponuka mafuta, tule."

"Afisa anajua kunusa barua," Matrona akajibu, na kisu kikaanza kazi.

Kenty alikwenda kunawa. Alinawa mara tatu, na bado alihisi yale macho ya sili yakimtazama.

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa. Alipoingia kwenye kighuba nyuma ya kisiwa, alikuta kimya. Hakuna ndege, hakuna fisimaji wanaoelea chali wakiwa na watoto kifuani. Mawe yalikuwa meusi, yanang'aa kama yamepakwa rangi. Hewa ilikuwa inawasha koo. Na juu ya jiwe moja, sili. Kenty alizima injini akainama, akingoja ajitupe majini kama sili wote tangu dunia iumbwe. Hakujitupa. Boti ikasogea, ikasogea, mpaka ikagonga lile jiwe, ngo! Sili akageuza kichwa polepole, kinayumba kama cha mlevi, machozi yanamtiririka.

"Nenda!" Kenty akanong'ona. Kisha akapiga kelele, "Nenda, wewe!" Akagonga kasia kwenye ubavu wa boti. Mlima ukarudisha sauti yake peke yake. Nywele zikamsimama. Ukimwona mtu uliyemzoea, ukamwita kwa jina, naye akakutazama kama hakujui, ndivyo alivyoogopa.

Alitaka kugeuza boti. Akamkumbuka Anesia akiwa ameinamia ndoo. Akampiga risasi moja. Halafu akafanya alivyofundishwa na baba yake: akammiminia sili maji matamu, yasiyo ya bahari, mdomoni, kumshukuru kwa kujitoa. Maana sili humchagua mwindaji, wazee wake walisema hivyo. Amejitoa, Kenty alijiambia njia nzima. Amenihurumia, akajitoa. Lakini meno yalikuwa yanagongana, na baridi haikuwa kali kiasi hicho.

Sasa ini lilikuwa kwenye kikaango, na kitunguu. Nyumba nzima ilinukia kama miaka mingine. Anesia alikaa mezani na uma tayari, anameza mate.

"Risasi ngapi?" Matrona akauliza, uso umeelekea jiko.

"Moja."

"Wewe! Moja! Ulikuwa umbali gani?"

"Karibu karibu."

"Karibu kama wapi? Kama pale kanisani?"

Kenty akavuta kiti, akaketi. Matrona akageuka, kikaango mkononi.

"Kenty. Alikukimbia?"

"Mama, leo Pasaka, mambo ya kumhoji mtu kama polisi..."

"Nimeuliza, alikukimbia?"

"Alijitoa, mama. Baba si alisema hujitoa?"

"Baba yako nilikuwa namchunia sili mimi. Sili wake walijitoa, ndiyo, lakini kwanza walimkimbiza hadi akalowa, maana sili mzima hukimbia. Mimi nimekuuliza kitu kimoja tu."

"Mama, muulize akishashiba," Anesia akaingilia, akicheka. "Mwenzenu huku ndani anapiga mateke, anataka chake. Lete hapa."

Kwa desturi kipande cha kwanza ni cha mzee. Matrona akakiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akakitazama tu. Anesia hakuweza kungoja. Alivuta kikaango, akachoma kipande kinene, akakipuliza.

Kenty alimtazama. Aliiona ile midomo iliyopauka, na mkono wa kushoto uliotulia juu ya tumbo. Kisha akaona kichwa kinachoyumba juu ya jiwe jeusi, na macho yanayotiririka. Akaona kitoto ambacho hakijazaliwa kina macho yale yale.  Akisema, mke atabaki na njaa na damu haba, na yeye atarudi kuwa Kenty wa kuamsha ndege. Asiposema...

Uma ulikuwa umefika kwenye midomo. Akaudaka mkono wa Anesia kwa nguvu hata kipande kikaanguka sakafuni.

"Una wazimu?" Anesia akapiga kelele.

Lakini Kenty alikuwa anamtazama mama yake.

"Hakunikimbia, mama. Nilimpigia kelele akimbie, na hakukimbia."