Jasusi Shingoni mwa Mtungi

Taa iliwaka nyekundu tena, na Hibaq akaitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Si mimi, dada. Ni mashine," alisema Kilonzo huku akikuna kisogo.

Kilonzo ndiye aliyekuwa fundi wa ile fremu ya chuma iliyozunguka mlango wa chumba baridi, pale Eastleigh ambapo wauzaji wa maziwa ya ngamia walipokelea mzigo wao kutoka Isiolo. Kila mtungi ulikuwa umefungwa kidude shingoni, kidogo kama kiberiti, kilichopima joto njia nzima na kulikumbuka. Mtungi ukipita mlangoni, kidude kilizungumza na fremu kwa mawimbi ya redio, bila waya wala kuguswa. Kama maziwa yalikaa salama, iliwaka taa ya kijani. Kama yalipata joto, nyekundu. Wauzaji hawakuchelewa kukipa jina. Walikiita jasusi.

Mitungi ya wenzake yote ilipita kijani. Ya mama yake, miwili tu, ikapigwa nyekundu. Hii ilikuwa mara ya pili, na sheria ya ushirika haikujua huruma: ukipata nyekundu ya tatu, mitungi yako haipandi tena gari la maziwa.

Hapo ndipo palipomuuma Hibaq. Mama yake, Bilan, aliishi nje kidogo ya mji wa Isiolo na ngamia wachache ambao ukame ulikuwa umewasaza. Magan, kakake Hibaq, alishatoa hukumu: maziwa yakikataliwa, ngamia wauzwe na mama aletwe Nairobi, akae ghorofa ya nne apumzike. Bilan alikuwa amekuja kuwatembelea mara moja. Alikaa kwenye balkoni akiutazama ukuta wa jirani, mwishowe akauliza, "Hapa watu hutazama nini?" Hibaq alijua kwamba kumpumzisha mama yake namna hiyo ni kumzika angali hai.

Lililomkera zaidi ni kwamba alikuwa ameonja. Alimimina kikombeni, akanusa, akanywa. Maziwa yalikuwa mazima, matamu, yenye ile harufu ya moshi iliyomtoa mteja wake Jecinta huko Kaloleni kila Jumamosi na chupa yake mkobani. Mashine ilisema yameungua, ulimi ukasema hayana kasoro. Mmoja wao alikuwa anadanganya, na Hibaq hakuwa mtu wa kulala na swali tumboni.

"Kilonzo, hiki kitu kinajua nyekundu na kijani peke yake?"

"Zii! Hii kitu inajua mambo mob. Taa ni kufupisha tu maneno. Stori yote iko hapa." Akafungua simu yake, akamwonyesha mstari uliotambaa chini, kisha ukaruka juu ghafla na kushuka. "Si unaona hiyo mlima? Asubuhi mapema, huko Isiolo. Hapo maziwa imepikwa."

Hibaq aliukodolea macho ule mlima. Mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwa Abdiwali, dereva, binamu yake wa mbali, ambaye daima aliipakia mitungi ya Bilan mwisho, karibu na injini.

"Niazime kimoja," alisema.

"Jasusi? Wa nini?"

"Nimjue. Yeye ananijua, mimi simjui."

Kilonzo alicheka, akampa kimoja cha akiba na kumwekea kwenye simu programu ya kukisoma, pamoja na ule mstari wa Isiolo. "Cheza nayo, dada. Lakini nirudishie."

Basi Hibaq alicheza. Alikiweka kwenye friji akapata bonde. Alikivaa shingoni kutoka soko hadi nyumbani na kurudi. Alikisahau kwenye balkoni juani. Alikilaza kando ya birika la chai, akakifunga kwenye kitambaa na kukipiga pasi kidogo, kidogo tu, huku akijiombea msamaha kwa Kilonzo. Kila mara alisogeza simu, na simu ikamchorea alichokuwa amefanya. Ilikuwa ajabu. Aliiona siku yake nzima imelala pale, hata saa aliyosimama kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti akipiga soga. Akaanza kuisoma mistari ile jinsi mtu anavyosoma nyuso: jua hupanda polepole na kushuka polepole, pasi huruka, friji huteremka kama mtu aliyekasirika.

Halafu akamwendea Abdiwali, na hakuzunguka mbuyu.

"Nataka kumfunga huyu karibu na injini yako."

"Yaani mimi ndio nachoma maziwa ya eedo, shangazi yangu?" Abdiwali alishika kifua. "Mimi, Hibaq? Funga! Funga hata kwa usukani!"

Alizunguka naye mjini siku nzima, mpaka Donholm na kurudi, huku akinung'unika kwamba kuna watu wana dharau. Jioni Hibaq alisoma mstari. Injini ilikuwa imechora kilima kinene, kivivu, kinachopanda kama mzee anayepanda ngazi. Hakikufanana hata kidogo na mlima wa mama yake. Ilibidi amnunulie Abdiwali sambusa, na akala zote bila kusema asante.

Akabaki na jiko. Alichukua sufuria tupu, akafunga jasusi kwenye mpini, akatia makaa mekundu ndani ya sufuria. Mstari uliruka. Aliuweka pembeni mwa ule wa Isiolo: wa kwake ulikuwa mfupi zaidi, lakini ni mlima uleule. Si jua, si gari. Ni moto wa makaa.

Kesho yake alikwenda chumba baridi, akamshika jasusi wa mtungi wa mama yake, akamsogeza puani. Alinuka moshi.

Hibaq alimpigia mama yake simu palepale, amesimama katikati ya mitungi.

"Hooyo, asubuhi huufanyia nini mtungi?"

"Naufukiza," alisema Bilan. "Wewe ulidhani ile harufu inatoka Nairobi?"

Akamweleza, kwa subira ya mtu anayemweleza mtoto kwamba maji hulowesha. Kabla ya kukamua, huwasha vijiti vya mzaituni wa mwituni mpaka viwe makaa. Huyatia ndani ya mtungi mtupu, akaufunika na kuutikisa, mpaka hauwezi kushikika kwa mkono mtupu. Kisha hutoa makaa, akafuta majivu na kuuacha upoe kabisa. Ndipo humwendea ngamia. Mtungi usiofukizwa, maziwa yake hayafiki mbali.

"Na jasusi?"

"Yuko shingoni kwake. Si wewe uliyeniambia wasitengane hata dakika moja? Nikifukiza huwa namwambia, vumilia, mgeni, karibu tunamaliza."

Hibaq akakumbuka. Ni kweli, Kilonzo alikuwa amesema hivyo siku ya mafunzo, kwamba kidude kisitenganishwe na mtungi, na yeye akampelekea mama yake maneno hayo kwa Kisomali, tena kwa ukali. Kilonzo alimfikiria mtu wa kujaza mtungi tu, si wa kuufukiza. Na Hibaq, mzaliwa wa Eastleigh, aliiuza harufu ile miaka yote bila kuuliza hata siku moja inatoka wapi. Aliona aibu, na wakati huohuo akataka kucheka kwa furaha.

Amino, aliyeuza maziwa meza ya pili kutoka kwake, alikuwa amesikia kila kitu.

"Abaayo, dada yangu, mama yako ni peke yake," alisema huku akifuta macho kwa ushungi. "Mbona wenzake hawaungui? Kwetu, jasusi akiletwa anafunguliwa hapohapo, anatundikwa juu ya mtungi wa maji ya kunywa, kwenye giza la nyumba. Gari likija, anarudishwa shingoni. Wote wanafanya hivyo. Walitaka kijani, tumewapa kijani."

"Kwa hiyo jasusi wa kwenu hakai na maziwa mpaka gari lije?"

"Anakaa na maji. Maji hayachachi."

Hibaq alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Aliwatazama wale majasusi wote waliokuwa shingoni mwa mitungi ya kijani, wapole, wasiojua lolote. La kuvunda halina ubani, na taa ya kijani nayo haiponyi kitu.

Lakini mama ni mama. Mzigo uliofuata ukipata nyekundu, basi ngamia wamekwenda. Alimpigia tena, akashusha sauti.

"Hooyo, mfungue tu. Mtundike juu ya maji kama wenzako wanavyofanya."

Alisikia ngamia akilia mbali.

"Halafu atalinda nini, mwanangu?" Bilan aliuliza. "Maji?"

"Ni mara moja tu."

"Uliniletea mlinzi nikampokea. Sasa unaniambia nimfiche kwenye giza aseme ameyaona maziwa. Wacha waniuzie ngamia." Akakata simu.

Hibaq aliona uchungu, na chini ya uchungu ule akaona fahari iliyomfanya asimame wima. Alimwendea Amino kwanza, kwa sababu kumsema mtu nyuma ya mgongo wake hakukuwa desturi yake.

"Mimi nitasema," alimwambia.

"Ukisema, nyekundu itatupata sote."

"Najua."

"Basi usiniite abaayo tena," alisema Amino, akamgeuzia mgongo.

Mzigo ulifika. Mitungi ya wenzake ikapita kijani, kijani, kijani. Ya Bilan ikaja, na taa ikawaka nyekundu kama ilivyotarajiwa. Kilonzo alitoa simu yake taratibu, uso umemshuka. "Pole sana, dada. Sheria ni sheria."

"Ngoja. Utatufuta kwenye orodha baadaye. Kwanza tazama." Hibaq alisogeza kidole kwenye simu yake mwenyewe. "Huu ndio mlima. Hapa mtungi ni mtupu, mama anaufukiza kwa makaa. Angalia unavyoshuka. Hapa umepoa. Hapa ndipo maziwa yanaingia, yana joto la ngamia. Hapa ameufunika kwa gunia bichi, ona mstari unateremka. Hapa gari, hapa barafu. Njia yote mpaka Nairobi, chini."

Kilonzo alisoma, midomo ikicheza.

"Sasa leta wa kijani. Wowote."

Akaufungua. Mstari ulikuwa umenyooka kama meza. Akafungua mwingine, nao meza. Mwingine. Hakuna mlima, hakuna maziwa yanayoingia na joto lake, hakuna hata mchana.

"Wait," alisema Kilonzo. "Maziwa inatoka kwa ngamia ikiwa baridi? Na hii ni Isiolo, saa sita mchana, jua liko wapi?" Alinyanyua macho. Wauzaji wote walikuwa wameanza kuchunguza viatu vyao. "Kumbe hawa wa kijani hawajawahi kuniambia kitu."

"Wamekwambia habari za maji," alisema Hibaq.

Amino alifungua mtungi wake mmoja, uliopita kijani dakika chache zilizopita, akainama na kunusa. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa. Kisha akaufunga na kuusogeza kando kwa mguu, mbali na ile mingine.

Siku hiyo maziwa yote ya kijani yalichemshwa kabla ya kuuzwa, na mtungi wa Amino ukamwagwa. Kilonzo aliwapigia wakubwa wa ushirika akazungumza kwa sauti ya juu, akajilaumu yeye kwanza. Alikuwa ametengeneza mlinzi bila kuuliza nyumba inayolindwa huamkaje. Wakakubaliana kwamba jasusi akae shingoni siku zote, lakini hesabu ya joto ianze mama anapofunga kifuniko juu ya maziwa. Rekodi za wote zikafutwa, waanze upya. Mitungi ya Bilan ikabaki kwenye gari.

"Na huo mlima, nitauondoa kwa stori, usikusumbue," Kilonzo alimwambia Hibaq. "Programu itaanza kuonyesha kutoka kifuniko."

"Usiuondoe," alisema Hibaq haraka.

"Hauna kazi tena."

"Kwangu unayo."

Tangu hapo, mzigo ukifika, kabla ya kuangalia taa, Hibaq husogeza simu kwenye mtungi na kuutafuta mlima. Ukiwa pale, mrefu na wenye ncha, anajua mama yake aliamka, akainama juu ya moto, akautikisa mtungi kwa mikono ambayo bado ina nguvu. Humpelekea Magan picha ya mlima huo bila maneno, na Magan hajazungumzia tena ghorofa ya nne. Amino alinuna wiki nzima. Kisha siku moja akaja na mtungi kifuani, akasimama bila kusalimia.

"Nitafutie na wa shangazi yangu," alisema.

Walipoupata, mdogo na uliopinda, Amino aliutazama akasema shangazi siku hizi anazeeka, kisha akageuka haraka kupanga chupa zake.

Jioni ile Bilan alipiga simu.

"Huyo mgeni wangu amesema nini leo?"

"Amesema jana uliamka mapema, hooyo."

"Hiyo nayo ni habari? Kila siku naamka mapema."

"Kwangu ni habari," alisema Hibaq.