Kiuno cha Dokta Abdulatifu

Wanaume wa Tabora wana ugonjwa mmoja tu: kiuno. Mtu akiumwa jino atasema jino, akiumwa sikio atasema sikio, lakini kikiharibika chochote baina ya kitovu na mapaja, hicho ni kiuno. Mume wangu, Dokta Abdulatifu, ametibu viuno hivyo miaka mingi, na kila siku alikuwa akirudi nyumbani Ipuli amenuna.

"Mtu mzima na ndevu zake," alikuwa akisema, "namuuliza kama mkojo unatoka, ananionyesha mgongo."

Huko kazini aliwafokea mpaka walio kwenye foleni nje wakasikia. Sema mkojo, sema uume, hayo si matusi, ni Kiswahili. Waliosema aliwatibu. Walioshikilia kiuno aliwapa vidonge vya kiuno, wakome.

Basi Jumanne moja akaamka amejikunja, jasho linamtiririka.

"Una nini, Baba Shamila?"

"Kiuno."

Nikamwamini. Ni daktari, nani asingemwamini? Nikampeleka hospitali ileile anayofanyia kazi, akalazwa wodi ya wanaume, jirani na kitanda cha Mzee Uwesu, fundi cherehani wa Kigwa, naye kalazwa kwa kiuno. Daktari wa zamu alikuwa Josepha, binti ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Kiuno hicho. Nichome sindano ya maumivu nilale."

Josepha alipotaka kumpapasa tumbo, mwenzangu alivuta shuka hadi kidevuni utadhani bibi harusi. Binti wa watu angebishanaje na mwalimu wake? Akachoma sindano, akaondoka.

Mimi nami nikaingia kazini. Nikamnywesha uji wa ulezi, nikamnywesha chai. Majirani wakaja na tikiti maji, wakamkatia vipande vinene. Kila aliyefika alimpa pole na kumhimiza anywe maji, na yeye, kwa adabu, akanywa. Mwanamume mwenye shahada mbili, anayejua kuliko sisi wote kwamba mkojo ukikwama figo zinaharibika, alilala pale akiziua figo zake kwa kuona haya. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Kufika jioni tumbo lilikuwa limevimba, na uso umepauka. Alikuwa hajibu tena salamu. Niliogopa kweli, nikaanza kuwaza eda, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikamwinulia bilauri nyingine ya maji. Akaipiga kwa mkono, ikanimwagikia.

"Mama Shamila, mkojo hautoki!"

Alilisema kwa sauti ileile ya kufokea wagonjwa. Jirani yetu Bi Najiat akameza tikiti na mbegu zake. Josepha akaja mbio na mpira wa mkojo, akatutoa nje, na tuliporudi mfuko ulikuwa umejaa, mume wangu analia kwa raha bila kujificha. Tezi dume, Josepha alituambia. Angechelewa hadi asubuhi, pengine tungekuwa tunazungumza mengine.

Hapo Mzee Uwesu akajiinua taratibu kwenye kitanda chake.

"Binti," alimwambia Josepha, "na mimi si kiuno."

Josepha akavuta pazia, akampapasa. Alikawia humo kuliko nilivyopenda. Kisha akatoka na kuagiza damu ya mzee ipelekwe maabara upesi, apimwe figo, na nikauona uso wake umebadilika.

Mume wangu aliuona pia. Akageuka na mpira wake, akasogeza pazia kidogo.

"Mzee Uwesu, mimi si nilikuuliza? Miezi yote ile nakupa vidonge vya kiuno, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kwa kelele, dokta," alijibu Mzee Uwesu. "Na aliyenisindikiza, aliyekaa nje kwenye benchi, ni mkwe wangu."