Ufukwe Aliowachagulia Evanthia

Wifi yangu Evanthia alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba saba hapa Palioskala, juu kidogo ya bandari, na kwa miaka ishirini na miwili watu walirudi kwake kwa sababu moja tu. Vitanda vyake vilikuwa vya kawaida, na maji ya moto yalikuja yalipotaka. Lakini kila asubuhi kabla ya saa moja alitoka roshanini na kikombe cha kahawa, akasimama pale kama dakika tano akiitazama bahari, kisha akashuka kuwaambia wageni waende ufukwe gani.

Hakuwa akikosea. Kisiwa chetu kina fukwe kumi na moja, na hakuna hata mmoja unaofaa kila siku. Ukivuma upepo wa kaskazini, ule wa Agosti tunaouita meltemi, upande wa kusini bahari inalala kama mafuta kwenye sahani. Siku hiyo unawapeleka watu Aspri, kwenye kokoto nyeupe, maji ya baridi mpaka meno yanauma. Upepo ukigeuka, Aspri inajaa mwani na yavuyavu wa kuwasha, basi unakwenda Sykia, chini ya mitini. Wenye watoto wadogo Evanthia aliwapeleka mahali ambapo maji hayapiti magoti hata ukitembea hatua mia. Wazee wenye miguu mibovu aliwapeleka penye ngazi. Wapenzi wapya aliwapa njia ya kutembea nusu saa juani, kwa sababu, alisema, wapenzi wapya hawasikii miba.

Ufukwe wa Glaros uko upande wa kaskazini. Huko alimpeleka mtu siku nne au tano kwa mwaka, upepo ukiwa umekufa kabisa, na siku hizo hapakuwa na mahali pazuri kama pale. Mimi mwenyewe niliwahi kuelea chali Glaros mwezi wa Juni, masikio ndani ya maji, nikaona haya kwa jinsi nilivyojisikia vizuri.

Mimi niliolewa na kaka yake. Alipofariki nilibaki pale pale jikoni, nikiwapikia wageni chakula cha asubuhi. Mume wa Evanthia, Stratos, yeye hakufa. Aliondoka Septemba moja na mwanamke aliyekuwa amepanga chumba namba nne, na tangu siku hiyo Evanthia hakutia hata kidole cha mguu baharini. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulinyamaza mbele yake. Kwetu hiyo ni heshima kubwa.

Agosti moja alikuja Bwana Anestis na binti yake, Lito. Anestis alikuwa dereva wa treni mstaafu kutoka bara, mnene, mcheshi, mtu wa kusalimia kila meza. Mkewe alikuwa amefariki majira ya baridi, na hii ilikuwa safari yao ya kwanza wakiwa wawili tu. Lito alikuwa na miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye duka la dawa, na alimwangalia baba yake kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa motoni. Siku ya kwanza Evanthia aliwapeleka Aspri. Anestis alirudi jioni amekuwa mwekundu kama pweza, akatusimulia jinsi alivyoelea saa nzima akila mapichi, kofia kichwani, mpaka mzee mmoja wa pale akamuuliza kama yeye ni boya. Tulicheka sana. Nilimpenda yule mtu, sitasema vingine.

Siku ya tano jioni wageni walikuwa uani wanakula. Mmoja wao aliuliza Evanthia anajuaje mambo ya bahari kiasi kile. Anestis, ambaye alikuwa ameshakunywa mvinyo wake, akadakia.

"Na hamwoni kwamba mwenyewe haogelei? Nimemchunguza. Bi Evanthia anatuchagulia bahari kama mtawa anayewachagulia wenzake wachumba!"

Uani kote walicheka. Hakujua habari za Stratos, na hilo nalisema kwa haki yake. Lito alimgusa mkono akamwambia, "Baba, basi." Evanthia alitabasamu, akakusanya sahani, akaja nazo jikoni bila hata moja kugongana na nyingine. Aliziosha zote mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma kwa kiwiko.

Usiku upepo uliingia. Asubuhi madirisha yalikuwa yakitetemeka, na kutoka jikoni niliona povu jeupe kule mbali, nje ya mdomo wa bandari. Evanthia alitoka roshanini kama kawaida. Alikaa muda ule ule wa kila siku. Anestis ndiye aliyeshuka wa kwanza, taulo shingoni, akauliza leo wanaozeshwa wapi. Alikuwa bado anacheza na utani wake.

"Nendeni Glaros," Evanthia alimwambia. "Leo Glaros mtaikumbuka."

Akamwandikia na njia kwenye kikaratasi. Mimi nilikuwa nakata mkate, kisu kikasimama. Walipotoka na gari lao nikamuuliza, "Wifi, Glaros? Na upepo huu?"

"Waache wakale mchanga kidogo," alisema. "Mchana watarudi wamenuna. Tutaona kama jioni atakuwa na mdomo wa kuchekea watu."

Nami nikacheka. Nilimwona Anestis kwenye mawazo yangu, mchanga kwenye nyusi, mwavuli umegeuka ndani nje, nikacheka mpaka nikaweka kisu chini. Kisha nikaendelea kukata mkate.

Yaliyotokea huko tuliyapata kwa Lito. Walipofika hapakuwa na mtu. Mchanga uliwachapa miguuni. Lito alitaka wageuze gari, lakini baba yake alikataa. Alisema Bi Evanthia hakosei, bila shaka upepo huu hutulia saa nne, wangoje. Wakajibanza nyuma ya mwamba wakala nyanya na jibini. Walikaa zaidi ya saa moja. Upepo haukutulia, ila jua lilizidi kuwa kali, na mawimbi, ukiyatazama kutoka ufukweni, yanapendeza. Lito akaingia mpaka kiunoni ayarukie. Pale Glaros, upepo wa kaskazini ukivuma, maji yanayokuja juu yanarudi kwa chini, na yanarudi na chochote kilichosimama. Maji yakamng'oa miguu, yakamvuta. Baba yake alimfuata na shati lake mwilini. Alimfikia, akamsukuma kuelekea kwenye mawe, akamsukuma tena. Lito alipanda juu ya mawe magoti yamechanika. Alipogeuka, aliona mgongo wa shati, kisha hakuliona.

Mashua ya wavuvi ilimleta Anestis bandarini saa tisa alasiri.

Askari wa bandari alikuja nyumbani kuandika maelezo. Alikuwa kijana wa hapa hapa, nilimjua tangu akinyonya. Evanthia alikuwa juu na Lito, akimfunga vidonda vya magoti. Askari akaniuliza ni nani aliyewaelekeza Glaros siku kama ile. Nilimjibu bila kufikiri. Nilisema wageni wa siku hizi wanatazama picha kwenye simu, wanachagua wenyewe. Aliandika. Niliona amefurahi kuandika hivyo.

Kwa sababu ya upepo ule ule meli hazikuja siku mbili. Anestis alikuwa kwenye chumba cha baridi cha zahanati, na Lito alikuwa kwetu. Evanthia hakulala. Alimpikia supu ya kuku na limau, akamnywesha kwa kijiko, akamfulia nguo zenye chumvi, akazipiga pasi. Majirani walikuja mmoja mmoja kumwambia Lito ana bahati ya kuangukia kwenye mikono ile. Kila waliposema hivyo Evanthia alitafuta kitu cha kufanya chumba kingine.

Siku ya pili mchana Lito alishuka jikoni, akaketi mezani kwetu. Tulikuwa tunamenya maharage mabichi. Akachukua na yeye mawili matatu, akaanza kumenya. Alisema kuna jambo anataka Bi Evanthia alijue. Siku moja kabla ya kwenda Glaros, kwa mwoka mikate, alikuwa amesikia habari za Stratos, na pale nyuma ya mwamba alimwambia baba yake.

"Aliweka nyanya yake chini," Lito alisema. "Halafu akasema, mdomo wangu huu siku moja utaniua. Akasema jioni atakuomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Nilitaka ujue kwamba hakuwa mtu mbaya."

Evanthia aliweka mikono yote miwili mezani.

"Niliuona upepo," alisema.

Lito hakuelewa. "Upepo gani?"

"Asubuhi ile. Niliuona, kama ninavyouona kila siku. Nilijua Glaros kutakuwaje. Niliwapeleka makusudi. Sikutaka afe, mwanangu. Nilitaka mchanga uwaingie machoni. Nilitaka siku yenu iharibike."

Niliona Lito akihesabu maneno yale, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa isiyoeleweka. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Kwa ule utani?"

"Kwa ule utani."

"Alingoja pale saa nzima," Lito alisema. "Kwa sababu ni wewe uliyesema."

Alipanda juu, akafunga mkoba wake, akaenda kukaa kwa mke wa kasisi mpaka meli ilipokuja. Lakini kwanza alipita kwa askari wa bandari. Jioni Evanthia aliitwa, nami nikaenda naye. Alirudia kila kitu, neno kwa neno, akataja mpaka kikaratasi cha njia. Askari alitoa maelezo yangu kwenye jalada, akayatazama, akanitazama mimi, akayarudisha. Alimwambia Evanthia kwamba yeye hajui kifungu cha sheria kinachomkamata mtu kwa kutaja jina la ufukwe, na kwamba uchungu humfanya mtu ajisingizie. Akamwomba aende nyumbani akapumzike.

"Siumwi," Evanthia alimwambia. "Nimekueleza ilivyokuwa."

"Nenda nyumbani, shangazi," alisema yule kijana, na alikuwa kama anabembeleza.

Mji nao haukutaka kumsikia. Mji unaokula kwa wageni haupendi habari kama hii iwe na mwenyewe. Wakasema ni huzuni, ni umri. Mwenye miavuli ya ufukwe wa mjini alikuja kumsihi anyamaze angalau mpaka msimu uishe. Evanthia alimsikiliza, akamkaribisha kahawa, na mgeni wa kwanza aliyeuliza kwa nini haendi tena roshanini asubuhi akamwambia sababu yote, amesimama, sahani ya mayai mkononi. Yule mgeni alihama siku hiyo hiyo. Baada ya huyo wengine walihama. Mimi nilijaribu kuwachagulia fukwe waliobaki, kwa kukumbuka aliyokuwa akisema, lakini niliwapeleka Sykia siku ya mwani wakarudi wananuka, nikaacha.

Mwaka ulipotimia Lito alikuja kwa misa ya kumbukumbu. Alishuka melini amebeba sinia la ngano ya kuchemsha yenye sukari na makomamanga, ya kumwombea marehemu, limefunikwa kitambaa. Alipanga chumba upande wa pili wa mji. Kasisi alisoma sala Glaros, siku isiyo na upepo hata kidogo, maji yametulia mpaka unaona vivuli vya samaki mchangani. Kulikuwa na familia mbili zimetandika taulo kule mwisho, watoto wanachimba. Evanthia alisimama juu barabarani, hakushuka. Lito alijua yuko pale. Hakugeuka.

Kabla ya meli kuondoka alikuja jikoni kwangu. Hakuketi. Alisema amesoma jalada lote, wanasheria walimpatia.

"Maelezo yako yanasema tulichagua wenyewe."

"Ndiyo."

"Na ulikuwepo aliposema."

"Nilikuwepo."

"Kwa nini?"

Nilimwambia ni wifi yangu, nimekula naye chumvi miaka thelathini. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa ameshalitegemea jibu.

"Ulipojua anatupeleka Glaros," aliuliza, "ulimwambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshadanganya kwa maandishi, na hii ingekuwa kwa mdomo tu.

"Nilicheka," nilisema.

Lito alinitazama kidogo. Kisha akaniambia kitu ambacho sijamwambia mtu: kwamba Evanthia anamwandikia barua kila mwezi, na yeye hazijibu lakini huzisoma, na kwamba zangu asingezisoma. Alisema bila hasira. Akashika mkoba wake akateremka bandarini.

Oktoba ile Evanthia aliifunga nyumba. Siku hizi anakaa kwenye vyumba viwili vya nyuma, na mimi ninaishi kwa mwanangu wa kike karibu na shule. Jumapili humpelekea chakula. Tunaongea habari za bei, za magoti, za nani amezaa. Mara nyingine namkuta mezani na kalamu, naye huifunika karatasi kwa mkono kama mtoto wa shule, nami naweka sahani upande mwingine wa meza, nakwenda kuchemsha kahawa.