Mshale Chini ya Rangi ya Buluu

Sabiha alikuwa na baiskeli saba za jeshi nyuma ya duka lake la spea mjini Kitale, na mumewe alishakoma kuuliza gari litaegeshwa wapi. Zote ni za wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na zote alizisaka mwenyewe, akiuliza mafundi wazee kutoka mji mdogo wa Kwanza hadi Cheptais. Ya nane ilikuwa Bungoma, kwa bibi kizee aitwaye Nabwile, nayo ilikuwa bado na vishikio vyake vya bunduki. Hiyo ilimtoa udenda.

Kwa miaka mitatu Nabwile alimpa chai, akamuuliza hali ya watoto, kisha akamwambia baiskeli haiuzwi. Agosti hii akamwita mwenyewe.

Alimweleza kisa chote bila kuficha. Baba yake, Wekoye, alikuwa tarishi katika kambi ya jeshi, akarudi nyumbani na baiskeli hiyo vita vilipokwisha. Chini ya kiti, chuma kilikuwa kimegongwa mshale, alama ya mali ya serikali, na karatasi hakuwa nayo. Majirani wakasema ameiba. Mama yake Nabwile, kwa aibu, akaupaka mshale rangi ya buluu, na kila Krismasi nyumba ilipopakwa, baiskeli nayo ilipakwa. Hata siku ya kumzika Wekoye, jirani aitwaye Hiram alisimama mbele ya waombolezaji akamwita mwizi.

Sabiha akamwambia jambo ambalo boma lile halikuwahi kulisikia. Baiskeli iliyotolewa jeshini kwa halali iligongwa mshale wa pili, ncha kwa ncha na wa kwanza.

Nabwile akaigusa baiskeli. "Toa hiyo rangi," akasema. "Kama ni mshale moja, beba hii kitu bure, peleka mbali nisiione tena. Macho yangu imeisha. Wewe ndio utaniambia."

Sabiha akachukua msasa na kitambaa chenye mafuta ya taa. Rangi ilitoka tabaka baada ya tabaka, buluu juu ya buluu, mpaka mshale ukajitokeza. Mmoja. Moyo wake ukaruka kwa furaha, na papo hapo akajionea haya. Akaendelea kusugua. Wa pili ukatokea, ncha ikiigusa ncha ya mwenzake.

Nabwile alikuwa ametazama barabarani, mikono mapajani. Neno moja tu la uongo, na baiskeli ingelala Kitale siku hiyo. Sabiha aliitaka, aliitaka vibaya sana, na alijichukia kwa jinsi alivyochelewa kujibu.

"Ni miwili, kukhu," akasema, akimwita bibi kwa Kibukusu. "Walimpa. Ilikuwa yake."

Nabwile akamwomba arudie. Sabiha akarudia. Akamshika mkono mama huyo, akakipeleka kidole chake kwenye chuma, na Nabwile akaipapasa mishale yote miwili huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Matairi hayakuwa na upepo, basi wakaisukuma pamoja, Sabiha usukani, Nabwile nyuma, hadi boma la nne. Hiram alikuwa kibarazani, mzee sasa, akiambua maharagwe.

"Hiram," Nabwile akasema, "kuja na miwani yako."