Majiko ya Zarubka

Jumatatu asubuhi Bi. Gundel Kleinhenz alitoka na beseni la nguo kwenda kuanika, akakuta jiko la matofali limeota katikati ya kabichi zake. Lilikuwa jiko kubwa la kule mashariki, lenye kibaraza cha kulalia juu yake na dohani ndefu kuliko paa la banda la uani, ila nyumba yake haikuwepo. Ubavuni lilipakwa chokaa, na juu ya chokaa mtu alikuwa amechora jogoo wa buluu. Bi. Gundel alizitazama kabichi zilizoharibika, akasonya, akaligusa jiko. Lilikuwa na moto. Basi akaanika hapo soksi za mumewe, na zikakauka kabla hajamaliza mashuka.

Katika mji wao mdogo wa Kesselbronn dohani ni jambo la sheria. Ikiwepo, lazima isafishwe, iwe na nyumba isiwe na nyumba. Akaitwa msafisha dohani, Leonhard Wüst, aliyekuwa askari wa kawaida wakati wa vita. Bi. Gundel akamgusa kifungo cha koti ili apate bahati, kama wanavyofanya watu wote wa kule. Wüst akachungulia ndani ya jiko.

"Hili nalijua," akasema.

"La nani?"

"Mama, kazi yangu mimi ni masizi."

Akasafisha, akakunja ngazi yake, akaenda zake.

Mume wa Bi. Gundel, Meja mstaafu Ottmar Kleinhenz, alikuwa anaandika historia ya divisheni yake. Ilikuwa divisheni ya askari wa miguu, vijana wa wilaya zile zile, waliotembea hadi Belarusi na kurudi wachache. Ilikuwa imepita miaka kumi na tatu tangu vita kwisha, na waliorudi walitaka kitabu. Kila Jumapili kamati yao ilikutana mkahawani Dubu Mweusi, ikala keki ya plamu, na Meja akawasomea alichoandika. Jumapili iliyotangulia jiko walikuwa wamepitisha sura ya majira ya baridi. Sura hiyo ilisema kwamba kuanzia Desemba hadi Machi divisheni ilipumzika katika eneo tulivu. Farasi jike mmoja aitwaye Liesl, aliyezama mtoni na mzigo wake, alipewa kurasa mbili na picha. Farasi, jamani! Wanaume wazima walitokwa na machozi kwa ajili yake, mbele za watu.

Wiki haijaisha, kila mwanakamati alikuwa na jiko uani kwake. Kisha yakaota kwa wengine wote waliokuwa kule majira yale ya baridi. Jiko la mwokaji mikate lilitokea mbele ya mlango wa gereji, na tangu siku hiyo gari lake likalala nje. Mwalimu mkuu alipanga vyungu vya maua kwenye kibaraza cha jiko lake. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Wangeuliza nini, na wanajua?

Kilichowakera ni kelele. Kila mchana majiko yalikuwa yanaita watoto waje kula. Sauti za wanawake zilitoka kwenye midomo ya majiko, moja ikimwita Mikola, nyingine ikimwita Hanulka na kumtishia kumchapa. Na ilikuwa saa ya mapumziko! Kesselbronn, kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana, hata nyundo haipigwi. Watu wakaanza kununa.

Bi. Gundel akamfuata Paraska, mwanamke wa jikoni pale Dubu Mweusi.

"Paraska mwenzangu, wewe si unajua lugha yao? Hebu njoo uwaambie wapunguze sauti. Sisi si wabaya, lakini sheria ni sheria."

Paraska alikuwa mtu wa Zarubka, kijiji kimoja cha Belarusi. Alikamatwa na askari akiwa msichana wa miaka kumi na sita, akichota maji, akapakiwa kwenye treni na kuletwa Kesselbronn kufanyishwa kazi mashambani. Mwezi uliofuata divisheni iliwafungia watu wote wa Zarubka ndani ya ghala, ikalitia moto, kisha ikachoma nyumba. Nyumba zilikuwa za mbao. Yakabaki majiko, kwa sababu jiko haliungui. Vita vilipokwisha hakuwa na pa kurudi, akaolewa na fundi mapipa wa pale pale, akabaki. Ukimtoa yeye, hakuna aliyebaki duniani wa kusema kwamba Zarubka ilikuwepo. Ndiyo, wapo waliokichoma kijiji hicho, lakini hao walikuwa wanaandika habari za farasi.

Paraska alifuta mikono, akamfuata Bi. Gundel mpaka uani. Alipomwona yule jogoo wa buluu akasimama.

"Paraska!" jiko likaita. "Wee Paraska! Mpaka nije nikuvute sikio? Chakula kinapoa!"

"Nakuja, mama," akasema Paraska.

Akakaa chini, mgongo wake kwenye chokaa yenye joto. Bi. Gundel akamletea kiti na blanketi, akamwomba waongee kwa kunong'ona. Ikawa hivyo kila siku. Mama alimsimulia jirani gani kagombana na nani, na Paraska akamsimulia marehemu mumewe na mapipa. Mambo ya ghalani hawakuyagusa.

Jumamosi moja Meja alimkuta hapo, akavua kofia.

"Bi. Paraska, mwezi ujao tunazindua kitabu. Watakuja wageni, atakuja hata Mheshimiwa kutoka jimboni. Majiko haya yakipiga kelele siku ile, tutaaibika."

"Mtaaibika kwa sababu ya kelele?"

"Nisaidie tu. Sema unataka nini."

"Sentensi moja. Andika kwamba divisheni yenu ilichoma Zarubka pamoja na watu wake. Utaje jina."

Meja akatazama soksi zake zilizoanikwa. "Kulikuwa na vita, Bi. Paraska. Na wajane watasoma."

"Mimi si mjane? Sina mama?"

Meja akavaa tena kofia yake. Akasema sawa, Zarubka itatajwa. Akaahidi kwa heshima yake ya uaskari, na kule ahadi hiyo inaheshimiwa sana, Mungu anajua kwa nini.

Paraska akapita kwa kila jiko, akaomba. Kwa lile la jogoo alifika mwisho.

"Mama, nyamazeni nyote. Wanataka kutuandika."

"Na jina la kijiji?"

"Na jina."

"Uandishi wa kweli, au wa kunyamazishia watu?"

"Ameahidi, mama."

"Haya. Kula vizuri basi." Na jiko likapoa chini ya kiganja chake.

Siku ya uzinduzi Dubu Mweusi palijaa. Tarumbeta zilipigwa, Mheshimiwa alihutubia kuhusu heshima na uaminifu. Kitabu kilikuwa kinene, jani la mwaloni la dhahabu jaladani. Paraska alitoka jikoni na birika la kahawa, akafungua kitabu kimoja mezani kwenye sura ya majira ya baridi. Baada ya yule farasi kulikuwa na sentensi mpya: Wenyeji wa vijiji kama Zarubka walisifika kwa majiko yao bora, ambayo yaliwafaa sana vijana wetu.

Akamwendea Meja.

"Uliniahidi."

"Si nimetaja?" Meja akasema kwa upole, mkono begani mwake. "Jina liko hapo. Tena kwa sifa."

Paraska akatoka mbio kupitia mlango wa nyuma hadi kwenye kabichi. Aliita mama, akaita tena, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa jiko akaita mpaka sauti ikaanza kumkauka. Ndani palikuwa na baridi na masizi kidogo. Akarudi ukumbini, akasimama kati ya meza za wageni, birika bado mkononi.

"Zarubka!" akapaza sauti.

Tarumbeta zikanyamaza. Maaskari wa zamani wakageuka, na nyuso zao zikachangamka, kwa kuwa walilijua jina hilo wote, kila mmoja wao.

"Ah, kule!" akasema mwokaji mikate. "Baridi ya kule, we acha tu. Pua yangu iliganda."

"Lakini usiku ule," akasema mwalimu mkuu, "tuliota moto vizuri."

"Vizuri sana," wakaitikia wenzake, na Wüst pia.

Kisha wakamsogezea Paraska vikombe vyao. Akaweka birika mezani, akavua aproni, akatoka. Wakajimiminia wenyewe, na kahawa ikawatosha wote.