Barua ya Kunikataa

Mwaka 1976 serikali ilitaka walimu wa kila namna, hata wasichana wa darasa la saba kama mimi, Mwamvita. Niliomba. Kamati ya kijiji chetu, karibu na Mlandizi, ilikuwa na wazee watano, wote wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima.

"Mwanamke hawezi kufundisha," alisema mwenyekiti, Mzee Saburi, ambaye juzi tu nilimshika mkono aandike herufi a. "Tumekukataa. Sasa tuandikie barua ya wilayani, sisi bado hatujafika kwenye kuandika barua."

Niliandika kwamba wamenikubali. Wakaweka dole gumba mmoja mmoja, wakausifu mwandiko wangu.

Barua ilipokwisha kwenda, niliiandika tena ubaoni, neno kwa neno.

"Haya, Mzee Saburi," nikasema. "Tusomee."