Kanuni ya Ukuta Mtupu

Kanuni zile za ujenzi Lorna Diekmann alizitunga mwenyewe, tena kwa moyo mkunjufu, na hakuna aliyemshikia fimbo. Ndiye aliyekuwa ofisa mipango wa mji wa Kestner, Ohio, ofisa wa pekee, na mji wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba ofisi yake ilipakana na dirisha la kulipia leseni za mbwa. Hofu ya watu ilikuwa moja: duka kubwa. Miji ya jirani ilikuwa imeyapata, kila mmoja na lake, sanduku la kijivu katikati ya uwanja wa lami, na baada ya hapo barabara zao kuu zilibaki na ofisi ya wakili na vioo vilivyobandikwa magazeti. Katika barabara kuu ya Kestner baba yake Lorna, mzee Orville, alikuwa na duka la rangi, misumari na vifaa vya bomba. Juu ya duka ndiko alikoishi na mkewe, na huko ndiko mama yake Lorna alikofia, kitanda chake kimesogezwa dirishani ili aone watu wakipita.

Basi Lorna alikaa majira yote ya baridi akiandika maana za maneno. Wengine hufuma, wengine hucheza karata. Yeye raha yake ilikuwa kulishika neno na kulizungushia ua. Duka kubwa ni jengo gani, na ukubwa wake unaanzia wapi. Uso wa jengo ni upi. Ukuta mtupu ni ukuta wowote unaotazama barabara, ambao mtu anaweza kutembea kandokando yake kwa kitambo asikutane na dirisha, mlango wala kivuli. Alipokwisha kuueleza ukuta mtupu, akaupiga marufuku. Akataka matofali ya udongo badala ya bati. Akataka tuta lenye miti kati ya maegesho na nyumba za watu. Akataka uso wa jengo ugawanywe vipande vipande, uonekane kama safu ya maduka madogo yenye sura ya mji. Na pasipowezekana dirisha la kweli kwa sababu ndani kuna rafu, liwekwe dirisha bandia, na nyuma ya kioo chake iwake taa tangu giza linapoingia hadi duka lifungwe, ili ukuta usionekane umekufa.

"Umewabana kweli," mzee Orville alimwambia siku kanuni zilipopitishwa, wakila pai ya cheri kwenye mgahawa wa Bi. Tuttle. "Hapa hajengi mtu."

"Nani atamwaga pesa zote hizo ili auze sabuni, Baba? Watasoma ukurasa wa kwanza, watageuza gari."

"Kichwa cha mama yako hicho. Changu mimi ni cha kuvalia kofia tu."

Hapo ndipo Lorna alipojipalia makaa. Angeweza kuandika sentensi moja fupi: mashamba ya nje ya mji, kando ya barabara ya magari, duka kubwa haliruhusiwi, basi. Lakini sentensi ya namna hiyo aliiona ya kishamba. Watu wa kazi yake wana ugonjwa huu. Kusema hapana kunawachoma ulimi, kwa hiyo husema ndiyo, kisha hurundika masharti juu yake, na rundo likiwa refu vya kutosha hujiaminisha kwamba wamekataa kwa adabu.

Ramani za kampuni moja ya maduka makubwa zilifika mwezi wa Machi, theluji imegeuka tope. Aliyezileta alikuwa msanifu wao wa majengo, Keaton Lisle, kijana mpole aliyevaa viatu vya mjini. Lorna alizitandaza mezani, kalamu nyekundu mkononi. Matofali yalikuwa ya udongo. Tuta lilikuwepo, na miti yake mirefu kuliko aliyoitaka. Maegesho yamekatwakatwa kwa njia za waenda kwa miguu, kila njia na kivuli chake. Akafunua karatasi ya uso wa jengo, na kalamu ikabaki hewani.

Ilikuwa barabara kuu ya Kestner. Benki ya zamani na nguzo zake, saluni na kibaraza chake, na katikati, kwa matofali yake mekundu na tao la mawe juu ya mlango, duka la baba yake. Hata dirisha la juu lilikuwepo, lile la mama, pazia limechorwa limevutwa nusu.

"Tuliupiga picha mtaa mzima," alisema Keaton. Uso ulimng'aa. "Kwa kweli, Bi. Diekmann, sijawahi kukutana na kanuni nzuri kama hizi. Bosi wangu alizisoma akasema, hawa wanajua wanachotaka."

"Na gharama je?"

"Zimepanda, siwezi kukudanganya. Lakini pakipendeza, watu hawaondoki haraka. Zinarudi zote."

Wiki nzima Lorna alitafuta kosa. Alipima tuta, akapima njia, akapima hata vivuli. Alimwendea wakili wa mji, mtu wa maneno machache, naye akamuuliza swali moja: wametimiza? Wametimiza. Basi huwezi kukataa, alimwambia, kwa sababu ukimnyima ruhusa mtu aliyefuata sheria yako neno kwa neno, mahakama itampa, na mji utamlipa usumbufu. Akabaki na mlango mmoja, wa kujiweka kando na uamuzi huo. Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati ya mipango.

"Gayle, mimi nijitoe. Baba yangu ana duka barabara kuu."

"Na saluni ni ya dada yangu. Nani humu hana mtu pale, Lorna? Tukijitoa wote, waamue nani, wale mbwa wa dirisha la pili?" Gayle Pruitt alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha.

Mkutano wa hadhara ulikuwa jioni ya Alhamisi, kwenye ukumbi wa shule. Mzee Orville alikuja na koti lake la mazishi, ndilo koti zuri pekee alilokuwa nalo. Alimkuta binti yake mlangoni.

"Umelipata kosa?"

Ilibidi Lorna amwambie kwamba hakuna kosa. "Kaa mbele, Baba," alisema badala yake. "Usikie vizuri."

Mzee alitabasamu. Aliona hiyo ni dalili njema, akaenda akakaa safu ya kwanza, kofia juu ya magoti.

Lorna alisimama akasoma taarifa ya ofisi yake. Mradi umetimiza masharti yote. Ofisi inapendekeza uidhinishwe. Alisoma akikazia macho karatasi, aibu imemjaa hadi masikioni, na ukumbi ukanguruma.

"Wee Lorna!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Babako unamuuza mchana kweupe?"

"Kila mtu atapata dakika tatu zake kwenye kipaza sauti," alisema Gayle, akigonga meza. "Kwa zamu. Na bila matusi."

Wengi walizungumza, wakafoka, wakakaa. Zamu ya Orville ilipofika, alikwenda taratibu hadi kwenye ule mchoro mkubwa uliotundikwa ukutani. Akaweka kidole.

"Kijana. Hili la juu hapa. Ndani yake kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee," alijibu Keaton kwa heshima. "Ni dirisha bandia. Nyuma yake ni rafu. Nafikiri upande huo ni rangi na vifaa vya bomba."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

"Na taa hii mliyochora?"

"Hiyo itawaka kila jioni. Ni sharti la mji."

"Kaliweka nani?"

Keaton alimgeukia Lorna na kuinamisha kichwa, jinsi mtu anavyomsifu fundi. Orville naye akageuka. Alimtazama binti yake kwa muda, uso wake hauna hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Lorna kuliko kama angemtukana mbele za watu.

"Ahaa," alisema mzee, akarudi kukaa, ingawa dakika zake zilikuwa bado zipo. Kamati ilipiga kura. Mikono yote ikanyanyuka, wa Gayle wa mwisho.

Duka la Diekmann halikufika mbali baada ya lile kubwa kufunguliwa. Kwanza waliacha kuja wanaonunua rangi, kisha mafundi bomba, na mwishowe walibaki wachache waliokuja kuchonga ufunguo na kumpa mzee pole. Alifunga kabla ya majira ya pili ya baridi. Akahamia kwa Lorna na masanduku mawili na kiti kimoja cha marehemu mama. Kuhusu duka hawakusemezana. Waliongea habari za hewa, za supu, za mpira wa shule.

Jioni moja ya Novemba mzee alivaa kofia, akasimama karibu na mlango.

"Nipeleke nikaone."

Lorna alichukua funguo za gari. Walipita barabara kuu, nayo ilikuwa giza tupu, dirisha la juu limepigwa mbao. Kwenye maegesho ya duka kubwa Lorna alipaki chini ya mti, miti ilikuwa imeshika vizuri, na wakakaa garini bila kushuka. Giza lilipoingia, taa ziliwaka moja moja kando ya ukuta: benki, saluni, kisha lile la juu katikati. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, mpole, kama wa chumba chenye mtu.

Orville alisogea karibu na kioo cha gari aone vizuri.

"Pazia wamekosea," alisema. "Mama yako alikuwa akilivutia kushoto."

"Nitawaandikia walirekebishe," alisema Lorna, haraka, jinsi alivyozoea kujibu ofisini. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani akalia, na baba yake akamwacha alie.

"Huzimwa saa ngapi?" aliuliza mzee, Lorna alipotulia.

"Duka likifungwa."

Orville alipandisha ukosi wa koti. "Basi zima gari, tukae mpaka wazime. Mama yako hakupenda kuachwa peke yake na taa inawaka."